Albert Lamorisse: Mfaransa aliyeiweka Afrika Mashariki kwenye ubao wa mchezo

Msikilizaji, ukisimama ukingoni Mtae asubuhi ambayo ukungu umeondoka, unaiona nyika ya Mkomazi chini kabisa, na mbele yake Kenya. Ardhini huoni alama inayoonyesha nchi moja inaishia wapi. Mstari huo walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakiwa kwao Ulaya. Waliuanzia pwani, karibu na mdomo wa Mto Umba, mto unaotoka huku huku milimani kwetu.

Miaka 71 baadaye, mwaka 1957, kampuni ya Miro ya Ufaransa ilianza kuuza mchezo wa mezani ulioitwa Kuteka Dunia. Ubao wake ni ramani ya dunia iliyokatwa vipande 42. Kimojawapo kimeandikwa Afrika Mashariki. Wasambaa, Wapare, Wadigo, sote tumo ndani ya kipande kimoja, tunapakana na Kongo, Misri na Madagaska.

Aliyeubuni hakuwa mwanajeshi wala mwanasiasa. Alikuwa mtengeneza filamu za watoto.

Albert Lamorisse alizaliwa Paris tarehe 13 Januari 1922. Ujerumani ilipoivamia Ufaransa mwaka 1940 alikuwa kijana wa miaka 18, kwa hiyo kutekwa kwa nchi hakukusoma vitabuni tu. Alianza kwa kupiga picha za kawaida, kisha akaingia kwenye filamu fupi. Mwaka 1953 alitoa filamu ya mtoto na farasi mweupe wa porini, ikapata tuzo kwenye tamasha la Cannes.

Mwaka 1956 ikaja ile iliyompa jina duniani, Puto Jekundu. Mhusika mkuu ni mwanawe mwenyewe, Pascal. Mtoto anaokota puto, nalo linamfuata kama mbwa, hadi shuleni. Watoto wakorofi wanaliwinda kwa manati mpaka linaisha pumzi. Ndipo maputo yote ya Paris yanakuja kumchukua mtoto na kumpeleka angani. Filamu ina dakika zipatazo 34, na maneno machache mno. Hata hivyo ilishinda tuzo ya Oscar ya uandishi, ikizipita filamu ndefu zenye mazungumzo tele.

Mwaka uliofuata, mtu huyo huyo akaleta mchezo wa vita.

Unachezwa hivi: kila mchezaji ana majeshi ya rangi yake. Anayeshambulia anarusha dadu hadi tatu, anayejilinda hadi mbili, na namba zikilingana anayejilinda ndiye mshindi. Ukiishika Afrika yote, vipande vyake sita, unaongezewa majeshi matatu kila zamu. Asia inatoa saba, lakini kuilinda ni kazi, maana mipaka yake ni mingi. Kanuni ni chache, na hata aliyezoea drafti ya vizibo hatachukua muda kuzielewa. Mwaka 1959 kampuni ya Parker Brothers ya Marekani iliutoa kwa jina la Risk, ukaenea. Siku hizi upo hata kwenye simu.

Kinachokosekana ubaoni ni watu. Huko kuna majeshi tu, na ardhi inayosubiri kuchukuliwa. Mwaka ule ule wa 1957 Ghana ilipata uhuru, Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na Ufaransa ilikuwa vitani Algeria. Sidhani Lamorisse alikusudia ubaya. Alitaka familia zikae mezani na kucheza. Lakini kwetu sisi mchezo huo uliwahi kuchezwa kweli, na hatukualikwa mezani.

Yeye mwenyewe alirudi angani. Alibuni kifaa cha kuishika kamera ndani ya helikopta ili picha isitikisike, akakiita Helivision. Mwaka 1960 alikitumia katika filamu ya babu na mjukuu wanaozunguka Ufaransa kwa puto kubwa. Ukizitazama picha zile unaona mashamba, mito na paa za nyumba kama mtu wa Mtae anavyoyaona mabonde kila siku bila kulipia helikopta. Mipaka haionekani.

Baadaye alikwenda Iran kutengeneza filamu ambayo msimulizi wake ni upepo. Tarehe 2 Juni 1970, akipiga picha karibu na bwawa la Karaj, helikopta yake ilianguka, akafa akiwa na miaka 48. Mjane wake na mwanawe waliichukua kazi hiyo, wakaimalizia kwa kufuata maandishi aliyoyaacha. Ilitoka mwaka 1978, na ikateuliwa kuwania Oscar.