Henry Martyn: alishinda mtihani, moyo haukushiba

Wapendwa, tunapowaombea vijana wetu wanaoshindania nafasi chache za chuo kikuu, tukumbuke maisha ya Henry Martyn. Alizaliwa Truro, Uingereza, mwaka 1781. Akiwa na miaka 14 alijaribu kupata nafasi ya kusomeshwa Oxford, akakosa. Baadaye alimshukuru Mungu kwa kukosa huko, kwa kuwa aliona kwamba katika umri ule marafiki wabaya wangempoteza.

Mwaka 1797 aliingia Cambridge. Huko wanafunzi walipangwa kwa alama, na aliyewatangulia wote katika hesabu alipata sifa kubwa. Martyn akaitafuta nafasi hiyo kwa bidii. Mwanzoni mwa mwaka 1800 baba yake akafa, naye akaanza kuisoma Biblia kwa moyo mwingine. Mwaka uliofuata akawa wa kwanza katika mtihani mkuu wa hesabu. Lakini alishangaa: alichokitamani alikuwa nacho mkononi, na moyo wake haukushiba.

Hata hivyo hakuitupa elimu yake. Alifika India mwaka 1806, na kwa msaada wa wenyeji akatafsiri Agano Jipya kwa Kiurdu na kwa Kiajemi. Alikufa Tokat, Uturuki, mwaka 1812, akiwa na miaka 31 tu.

Vijana wetu, shindaneni kwa bidii na bila hila. Aliyekosa asijione ametupwa na Mungu. Aliyepata ajiulize elimu hiyo itamfaa nani.