Bibi Cotten na mkono wa shoto

Mimi ni mtu wa shoto. Wenzangu waliosoma chuoni wanajua maana yake: kalamu ikihamia mkono ule, bakora ishafika. Nikazoea kuandika kwa kulia, na wa kula ndio huo huo, sina ugomvi. Kilichokuja kunishinda ni gitaa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Marekani kwa jamaa zangu, na kiangazi kile nikajiandikisha kwenye kambi ya muziki ya wiki moja. Asubuhi tulifundishwa bluzi ya kutelezesha. Unavaa kidoleni kijineli cha kioo, kama shingo ya chupa iliyokatwa, unakiburura juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, na sauti inalia kama mtu. Hapo nilifaulu, maana anayeburura ni mkono wa shoto. Mchana ikawa banjo. Huko mkono wa kulia ndio mwenye kazi: ukucha unapiga nyuzi kwenda chini, kisha dole gumba linadonoa uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo. Wangu ulikuwa kama gogo. Mwalimu aliponiona nahangaika akaniuliza kama namjua Elizabeth Cotten. Sikumjua. Usiku ule sikulala, nikimsikiliza.

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1893 huko Carrboro, North Carolina, miaka 28 baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Nyumbani hakuwa na jina hasa, wakimwita dada mdogo tu. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alipomuuliza jina, akajichagulia mwenyewe: Elizabeth. Banjo ilikuwa ya kaka yake. Kaka akienda kazini, mtoto anaichukua kwa kujificha, anaipiga mpaka nyuzi zinakatika. Ni chombo ambacho asili yake ni Afrika Magharibi, kilivuka bahari na watumwa. Na kwa kuwa yeye ni wa shoto na hakuna wa kumbadilishia nyuzi, aliigeuza tu juu chini.

Gitaa nalo alilifanya vivyo hivyo. Aliacha shule akali mdogo akaingia kazi za nyumbani za watu, akadunduliza mshahara wa senti mpaka akanunua lake kwa dola 3 na senti 75. Ukiligeuza gitaa la mtu wa kulia, nyuzi nene za besi zinakuja chini na nyembamba zinapanda juu. Basi kazi ya dole gumba, kushika besi, akaipa kidole cha shahada, na dole gumba likaimba wimbo. Wapiga gitaa wanaotaka kumwiga hata leo wanapata tabu, kwa sababu mlio wenyewe unatokana na ule upindu. Alipokuwa na miaka kumi na kitu hivi alitunga Freight Train, kwa ajili ya treni za mizigo zilizopita karibu na kwao.

Kisha akanyamaza. Aliolewa akiwa binti mdogo, akazaa mtoto mmoja wa kike, na watu wa kanisa lake wakamwambia aache nyimbo za kidunia. Akaacha, kwa miongo mingi. Mimi sehemu hii hunikaa rohoni kuliko zote, maana Pwani tunawajua kina mama waliokuwa na sauti, wakaolewa, ikawa ndio mwisho wa habari.

Ndoa ilipovunjika alihamia Washington kwa binti yake, akawa anauza dukani. Siku moja akamkuta mtoto amempotea mamake, akamrudisha. Mtoto ni Peggy Seeger, na mama ni Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki. Wakamchukua kuwapikia na kufua. Nyumba ile ilijaa vyombo, gitaa limetundikwa ukutani, na siku moja wakamsikia analipiga. Alikuwa ameshapita miaka hamsini. Kijana wa nyumba ile, Mike, akamrekodi nyumbani kwake, na mwaka 1958 kampuni ya Folkways ikatoa sahani yake ya kwanza.

Lakini wimbo ulikuwa umeshamtangulia. Peggy alikwenda nao Uingereza, akawa anauimba, na huko wanaume wawili wakausajili kwa majina yao. Mwaka 1957 ukavuma Uingereza kwa sauti za Chas McDevitt na Nancy Whiskey, na mwenyewe bado anapiga pasi nguo za watu. Ilibidi kina Seeger wasimame naye ndipo jina lake likawekwa. Sisi tuliolelewa na kaseti za taarabu zinazotoka duka hili kwenda lile bila jina la mtunzi tusijifanye kushangaa.

Baada ya hapo alizunguka majukwaani, huku kazi za nyumbani akiendelea nazo kwa miaka. Pesa za muziki zikamnunulia nyumba Syracuse, New York. Mwaka 1985 alipewa Grammy, umri umevuka tisini. Alifariki tarehe 29 Juni 1987, na mwaka 2022 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la Rock and Roll, ingawa naamini yeye angeona gitaa lililopangwa sawa ni zawadi bora.

Langu nimelirudisha Mombasa, na nyuzi zake ni za mtu wa kulia vilevile. Nalipiga limegeuzwa. Wimbo kwa dole gumba naupata. Besi bado inanikwepa.