Mfalme Faisal na televisheni ya Riyadh na Jeddah

Faisal bin Abdulaziz, aliyekuwa Mfalme wa Saudi Arabia, hukumbukwa zaidi kwa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuinyima Marekani mafuta. Lakini mtihani uliomfika hadi ndani ya ukoo wake ulianza miaka minane kabla ya hapo, na chanzo chake kilikuwa mtambo wa kurushia picha.

Faisal alizaliwa Riyadh mwaka 1906. Alipokuwa bado kijana mdogo, mwaka 1919, baba yake, Abdulaziz, alimtuma London kumwakilisha. Baadaye aliiongoza Hijaz kwa niaba ya baba yake, na mwaka 1930 akawa waziri wa mambo ya nje. Jeddah, mji mkubwa wa pwani ya Hijaz, ndiko redio ya nchi hiyo ilikoanza kusikika mwaka 1949.

Redio nayo ilikuwa imezua ubishi. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wanazuoni waliidhania sauti isafirio bila waya kuwa uchawi, wakatulia waliposikia Qur'an ikisomwa kupitia chombo hicho.

Televisheni ilikuwa nzito zaidi. Kamera hugeuza mwanga kuwa umeme, na maikrofoni hufanya vivyo hivyo kwa sauti. Mtambo huvirusha vyote viwili kwa mawimbi, antena iliyo juu ya paa huyanasa, kisha televisheni hurejesha picha na sauti. Kwa wapinzani, kikwazo kilikuwa hiyo picha ya kiumbe.

Faisal alitawazwa Novemba 1964. Mwaka 1965, vituo vya Riyadh na Jeddah, vilivyojengwa kwa msaada wa wahandisi wa Marekani, vilianza kurusha picha nyeusi na nyeupe. Kisomo cha Qur'an na mafunzo ya dini vilipewa nafasi kubwa, lakini hasira haikuzimika. Khalid bin Musaid, mtoto wa ndugu yake Mfalme, alikuwa mstari wa mbele kuipinga televisheni, na mwaka huohuo aliuawa katika makabiliano na askari wa usalama. Mfalme hakurudi nyuma, matangazo yaliendelea.

Novemba 1972 Faisal aliizuru Uganda, nchi iliyokuwa na televisheni tangu mwaka 1963.

Tarehe 25 Machi 1975, akipokea wageni kutoka Kuwait mjini Riyadh, alipigwa risasi na kuuawa na Faisal bin Musaid, nduguye Khalid. Wengi walikiona kitendo hicho kuwa kisasi cha damu, ingawa serikali ilieleza kuwa muuaji alitenda peke yake. Muuaji huyo alinyongwa? La, alikatwa kichwa hadharani Juni mwaka huo.

Leo Waislamu wa Mombasa, Zanzibar na Kampala hutazama ibada ya Hija moja kwa moja wakiwa majumbani mwao. Picha hizo zilianza safari katika vituo viwili ambavyo Faisal alikataa kuvifunga.