Gaucher: Daktari aliyeona bandama kubwa akadhani ni saratani

Philippe Gaucher alizaliwa mwaka 1854 huko Champlemy, nchini Ufaransa. Jina lake linajulikana hospitalini kote duniani, ingawa ugonjwa unaoitwa kwa jina hilo yeye mwenyewe hakuuelewa.

Mwaka 1882, akihitimu udaktari jijini Paris, aliandika tasnifu kuhusu mwanamke wa miaka 32 aliyekuwa na bandama iliyovimba kupita kiasi. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, Gaucher aliichunguza bandama kwa hadubini, akakuta seli kubwa zisizo za kawaida. Akahitimisha kuwa ni saratani ya bandama.

Haikuwa saratani. Baadaye Gaucher aligeukia magonjwa ya ngozi, na mwaka 1902 akawa profesa katika Hospitali ya Saint-Louis, Paris. Alifariki mwaka 1918. Ilipofika mwaka 1965, mtafiti Mmarekani Roscoe Brady na wenzake walionyesha chanzo: mwili una upungufu wa kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta. Mafuta hayo hurundikana ndani ya seli, kama ghala linalopokea mizigo kila siku bila kutoa hata gunia moja. Bandama huvimba, ini nalo hufuata.

Mgonjwa huona tumbo likijaa, hasa chini ya mbavu za kushoto, na hushiba kwa tonge chache. Huchoka kwa upungufu wa damu, hutokwa damu puani, hupata michubuko kirahisi na mifupa humuuma. Ni ugonjwa wa kurithi: wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima huku wamebeba kasoro hiyo, na katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne.

Tangu mwaka 1991 ipo tiba ya kumpa mgonjwa kimeng'enya hicho kupitia mshipa, ingawa gharama yake ni kubwa mno.

Katika nchi zetu bandama huvimba mara nyingi kwa malaria, kichocho au selimundu, na ndiyo maana mgonjwa huweza kutibiwa malaria mara tatu, mara nne, tumbo lisipungue. Kosa la Gaucher lilisahihishwa kwa sababu wengine waliendelea kupima. Mzazi ambaye bandama ya mwanawe haishuki baada ya dawa aombe rufaa ya hospitali kubwa, asikubali jibu la kwanza.