Sir Robert Peel na Askari Wasio na Bunduki

Wengi wetu tumelikuta jina la Sir Robert Peel katika vitabu vya historia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Mimi naona maisha ya mtu huyu yatuhusu kuliko tudhanivyo. Yeye ndiye aliyewaonyesha Waingereza kwamba polisi aweza kulinda mji mkubwa bila bunduki. Na yeye huyo huyo, alipokuwa kijana, alianzisha katika Ayalandi desturi nyingine, ambayo baadaye ilitufikia sisi huku. Nitaeleza habari zake kwa ufupi.

Alizaliwa tarehe 5 Februari, 1788, katika Bury, Lancashire, upande wa kaskazini wa Uingereza. Baba yake hakutoka katika ukoo wa makabaila. Alikuwa mwenye viwanda vya nguo za pamba, akatajirika sana, akaingia Bungeni, na mwaka 1800 akapewa cheo cha kurithishana, ndipo akaitwa Sir. Alimpeleka mwanawe katika shule ya Harrow, kisha Oxford. Huko, mwaka 1808, kijana alipata daraja la kwanza katika lugha za kale na katika hesabu pia, jambo ambalo hapana aliyelipata kabla yake. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia Bungeni kwa msaada wa fedha za baba yake.

Mwaka 1812 alipelekwa Ayalandi kuwa Katibu Mkuu wa Serikali. Nchi ile ilitawaliwa kwa nguvu na Waingereza. Wenyeji wengi walikuwa Wakatoliki, nao hawakuruhusiwa kukaa Bungeni; walilima mashamba ya wenye nyumba kubwa, na usiku makundi ya watu wenye hasira yalichoma na kuua. Mwaka 1814 Peel akaunda kikosi cha polisi chenye silaha, kikawa kinapelekwa kila wilaya yenye machafuko, na gharama yake wakatozwa watu wa wilaya ile ile. Huo ndio mwanzo wa polisi wa Ayalandi, waliokaa katika kambi kama jeshi, bunduki begani.

Hata yeye mwenyewe nusura aingie katika damu. Mwaka 1815 aligombana kwa maneno na Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki wa Ayalandi, wakaahidiana kupigana kwa bastola, mtu na mtu, kama ilivyokuwa desturi ya waungwana wa siku zile. O'Connell alikuwa ameua mtu kwa njia hiyo mwaka ule ule. Walipatana wakutane Ostend, ng'ambo ya bahari, ili wasikamatwe na sheria. Peel alifika, O'Connell akakamatwa London akiwa safarini, na vita vyao vikaishia hapo. Lau risasi moja ingalimpata Peel siku ile, pengine London ingalikaa miaka mingi bila polisi.

Mwaka 1822 alifanywa Waziri wa Mambo ya Ndani. London ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja, lakini walinzi wake walikuwa wa mitaa tu, wengi wao wazee wenye taa na fimbo. Kama ghasia zilizidi nguvu zao, serikali iliita jeshi, na askari jeshi hajui kazi nyingine ila kupiga. Tarehe 16 Agosti, 1819, huko Manchester, wapanda farasi wenye panga waliingia katika mkutano wa watu waliodai haki ya kupiga kura, wakaua zaidi ya 10 na kujeruhi mamia. Tena sheria ilikuwa kali mno: makosa zaidi ya 200 yalimpasa mtu kunyongwa, hata wizi wa kondoo. Peel alizifuta nyingi katika sheria hizo, maana mahakimu na wananchi walikuwa wanaona huruma, na wezi wakaachiliwa ovyo. Aliamini kwamba adhabu ndogo isiyokosa kumpata mkosaji yafaa kuliko adhabu kubwa isiyotimizwa.

Lakini nani atamkamata huyo mkosaji? Waingereza hawakutaka polisi. Walisikia habari za Ufaransa, ambako polisi walikuwa macho na masikio ya serikali, wakaogopa kupoteza uhuru wao. Peel alisubiri miaka saba. Mwisho, mwaka 1829, Bunge likapitisha sheria, na tarehe 29 Septemba mwaka ule askari wa kwanza wakatoka usiku kufanya doria.

Hapa napenda tuangalie jinsi alivyowapanga. Wakuu wao walikuwa wawili: Charles Rowan, mwanajeshi aliyepigana Waterloo, na Richard Mayne, mwanasheria. Koti lao lilikuwa la buluu, kwa kuwa jeshi lilivaa jekundu, naye hakutaka raia wafananishe hawa na wale. Walivaa kofia ndefu kama watu wa mjini. Silaha yao ilikuwa rungu fupi lililofichwa ndani ya koti, pamoja na chombo cha mti cha kupigia kelele ya kuitana. Filimbi zilikuja baadaye. Panga zilitolewa mara chache tu, kwa doria za hatari. Waliagizwa kwamba kazi yao ya kwanza ni kuzuia uovu usitendeke, na kwamba wawe na adabu kwa kila mtu. Wengi wa askari wa mwanzo walifukuzwa kwa sababu ya ulevi, maana wakuu hawakuvumilia.

Mwanzoni watu waliwachukia. Mwaka 1833 askari mmoja, Robert Culley, alichomwa kisu akafa katika ghasia za London, na raia walioitwa kuchunguza kifo chake wakasema kwamba kuuawa kwake kulikuwa halali. Uamuzi ule ulifutwa baadaye, lakini waonyesha chuki ilivyokuwa. Hata hivyo askari hawakupewa bunduki ili walipe kisasi. Waliendelea kutembea na marungu yao, na polepole watu wakawazoea, wakawaita Bobby, yaani Robert mdogo, kwa jina la mwanzilishi wao.

Msidhani kwamba Peel aliogopa bunduki. Alipenda sana kuwinda ndege, na alisifiwa kwa shabaha. Lakini mchezo huo ulikuwa wa matajiri. Kwa sheria ya zamani, mtu asiye na ardhi ya kutosha hakuruhusiwa kuwinda hata sungura, na katika misitu ya wakubwa zilitegwa bunduki zilizofungwa kamba, maskini akijikwaa alipigwa risasi gizani. Mitego hiyo ilikatazwa mwaka 1827, na mwaka 1831 sheria mpya ikamruhusu yeyote mwenye kulipia cheti awinde, mradi apate ruhusa ya mwenye ardhi. Bastola, kwa upande wake, ilinunuliwa dukani bila kuulizwa neno.

Jambo hilo lilimletea Peel msiba. Alikuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili tangu 1841. Tarehe 20 Januari, 1843, mtu mmoja jina lake Daniel M'Naghten, aliyerukwa na akili na kuamini kwamba chama cha Peel kinamwinda, alimfuata njiani katibu wa Peel, Edward Drummond, akidhani ndiye Peel mwenyewe, akampiga risasi mgongoni. Askari polisi aliyekuwa karibu akamrukia na kumkamata, bastola ya pili isimpate mtu. Drummond alikufa siku ya tano. M'Naghten hakunyongwa, kwa kuwa hakuwa na akili timamu, na kutokana na kesi yake majaji walitoa kanuni juu ya wendawazimu katika makosa ya jinai. Kanuni hizo ndizo msingi wa vifungu vilivyomo katika sheria za Uganda, Kenya na Tanzania.

Mwaka 1846, njaa ilipoangamiza Ayalandi, Peel alifuta ushuru uliozuia nafaka ya bei nafuu kuingia nchini. Chama chake kikagawanyika, na usiku ule ule sheria hiyo ilipopita, alishindwa kwa kura juu ya mswada mwingine wa kutawala Ayalandi kwa nguvu. Akajiuzulu. Tarehe 29 Juni, 1850, alianguka na farasi karibu na jumba la Malkia, akafa tarehe 2 Julai.

Baada yake Waingereza walifika mbali katika michezo ya shabaha na katika sheria pia. Chama chao cha shabaha kilianzishwa mwaka 1859, na mwaka uliofuata Malkia Victoria mwenyewe alifyatua risasi ya kwanza katika mashindano ya Wimbledon; tangu 1890 hufanyika Bisley. Mwaka 1920 sheria iliamuru kila mwenye bastola au bunduki ya risasi apate cheti kwa mkuu wa polisi. Mwaka 1996 mtu mwenye bastola alizokuwa nazo kwa cheti aliwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Uskoti. Mwaka uliofuata karibu bastola zote za raia zilipigwa marufuku, hata za wachezaji. Na hadi leo polisi wengi wa Uingereza, Uskoti na Wales hutembea bila bunduki.

Sasa je, sisi? Waingereza walipotawala Afrika Mashariki hawakutuletea mfano wa London. Walileta mfano wa Ayalandi: kambi, gwaride na bunduki. Hata lugha yetu yashuhudia, maana askari ni jina moja la mwanajeshi na polisi, wakati Peel alibadili hata rangi ya koti ili wasifanane. Peel yule yule aliwapa jirani zake rungu, na waliotawaliwa akawapa bunduki. Mimi nafikiri tofauti haikuwa katika tabia za watu wa nchi zile mbili. Ilikuwa katika swali hili: polisi ni wa nani? Wa London alijifunza, kwa matusi na kwa visu, kwamba hawezi kazi yake raia wasipokubali. Wa Ayalandi hakuhitaji kukubaliwa.

Nchi zetu zilipata uhuru zamani, na wengi miongoni mwetu wataingia kazi ya polisi, ya sheria au ya utawala, kama ndugu zetu waliotutangulia katika shule hii. Bunduki haitaondoka kesho, maana majambazi wanazo. Lakini maagizo ya mwaka 1829 hayahitaji fedha wala silaha: kuzuia uovu kabla, na kuwa na adabu kwa kila mtu. Hayo twaweza kuyaanza sasa.