Sir Albert Howard: Bwana shamba aliyekubali kufundishwa na wakulima

KILA msimu wa kahawa wilayani Mbozi, maganda hulundikwa kando ya mashine za kumenya. Baada ya muda mkulima huyo huyo huonekana Vwawa au Tunduma akiulizia bei ya mbolea ya mfuko. Mtaalamu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba maganda hayo ni mali alikuwa Mwingereza, Sir Albert Howard.

Howard alizaliwa Desemba 8, 1873 katika mji mdogo wa Bishop's Castle, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Alisoma sayansi Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1899 akaenda visiwa vya Karibi kuchunguza magonjwa ya miwa na mazao mengine.

Huko ndiko alikoanza kuona kasoro ya kazi yake. Alikuwa akiwashauri wakulima, lakini hakuwa na shamba ambamo angeujaribu ushauri huo kabla ya kuutoa. Hasara, kama ingetokea, ilikuwa ya mkulima peke yake.

Mwaka 1905 aliajiriwa India, katika kituo cha utafiti cha Pusa, akiwa na mkewe Gabrielle, naye mtaalamu wa mimea. Safari hii aliomba ardhi, akapewa ekari zipatazo 75. Akaanza kuangalia namna wakulima wa vijiji vya jirani walivyolima bila dawa wala mbolea za viwandani. Aliwahesabu wakulima hao kuwa walimu wake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa ofisa wa serikali ya kikoloni.

Howard aliandika pia kwamba ng'ombe wake waliolishwa vizuri walikaa karibu na ng'ombe wenye ugonjwa wa miguu na midomo bila kuambukizwa. Hilo lilikuwa jambo aliloliona shambani kwake tu, hivyo mfugaji asilifanye sababu ya kuacha chanjo.

Mbolea ya siku 90

Kazi iliyompa jina aliifanya mjini Indore kuanzia 1924 hadi 1931, akiongoza taasisi yenye shamba la ekari 300. Akishirikiana na mkemia Yeshwant Wad, alipanga utaratibu wa kutengeneza mboji ambao mkulima angeweza kuufuata bila mashine.

Shimo lilikuwa na urefu wa futi 30, upana futi 14 na kina cha futi 2 hadi 3. Ndani yake yalipangwa mabaki ya mimea, samadi, udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe na majivu. Lundo lilinyunyiziwa maji na kugeuzwa mara tatu ili lipate hewa. Baada ya siku 90 mboji ilikuwa tayari kwenda shambani.

Gharama kubwa katika utaratibu huu haikuwa vifaa, bali nguvu kazi. Howard alilijua hilo. Pale Indore alisisitiza wafanyakazi walipwe kwa wakati, saa za kazi zipunguzwe, na wapatiwe makazi na matibabu, kwa hoja kwamba mtu aliyetunzwa hufanya kazi zaidi kwa muda mfupi.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard na Wad walichapisha kitabu kuhusu utaratibu wa Indore, na habari zake zikafika Afrika Mashariki. Februari 1933 shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kabete nchini Kenya, lilianza kuutumia. Howard alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1934, akatoa kitabu chake maarufu zaidi mwaka 1940, na kufariki Oktoba 20, 1947 akiwa na umri wa miaka 73.

Kazi kwa chakula na malazi

Mawazo yake yalisaidia kuzaa vyama vya kilimo hai Uingereza, na mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London, akaanzisha mpango wa WWOOF. Watu wa mjini walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya kilimo hai bila mshahara, wakipewa chakula, mahali pa kulala na elimu. Leo mpango huo umeenea katika nchi zaidi ya 100.

Kwa mkulima wa Mbozi, Ileje au Momba, utaratibu wa namna hiyo unaweza kuziba pengo la nguvu kazi ya kugeuza mboji. Wapo vijana waliomaliza vyuo vya kilimo ambao hawajawahi kushika shamba lao, kama Howard alivyokuwa mwaka 1899.

Lakini hesabu ifanywe kwanza. Chakula cha mtu mmoja kwa mwezi ni gharama, na mgeni asiyejua kazi huchukua muda wa mwenyeji. Yafaa kukubaliana mapema saa za kazi, siku za mapumziko, nani atalipa matibabu, na nini kijana atafundishwa. Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji kibali, hata kama hapokei senti.

Zaidi ya yote, kujitolea kusigeuke njia ya kukwepa kumlipa kibarua. Kijana akipewa jembe na ugali tu, bila kufundishwa, huyo hajajitolea, amenyonywa. Akiondoka anajua kupanga lundo, kupima joto lake kwa kuchomeka kijiti na kujua siku ya kuligeuza, mwenyeji atakuwa amelipa deni lake, naye atabaki na mboji ya kutosha kupunguza mifuko ya kununua Tunduma.