Maisha ya Louis Leakey na Somo la Taya la Kanam



Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Nyamirambo, nyumbani kwa mjomba wangu ambaye ni fundi cherehani. Jioni moja, alipokwisha kufunga kazi, alinionyesha katika simu yake picha ya kipande cha taya kilichokuwa kikiuzwa katika intaneti. Muuzaji alidai kuwa ni taya la mtu wa kale lililotoka Olduvai, Tanzania, na kwamba atakayelinunua atapata faida kubwa akiliuza tena. Mjomba alikuwa na akiba ya kununua cherehani ya pili, na bei ya taya ilitaka kuimaliza akiba yote. Kwa kuwa mimi ndiye mwanafunzi wa nyumba ile, aliniuliza kama kitu kile ni cha kweli. Nilitazama picha kwa muda mrefu, kisha nikaona haya, maana sikuwa na jibu. Nikamwomba angoje kidogo nisome kwanza. Hivyo ndivyo nilivyokutana na habari za Bwana Louis Leakey, nami nataka kuwasimulieni maisha yake kwa ufupi.

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti mwaka 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kiingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akakijua Kikikuyu kama lugha yake mwenyewe. Alipokuwa kijana mdogo alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo. Watu wazima walimcheka, lakini yeye alishika kuwa hivyo vilikuwa vyombo vya watu wa kale. Basi akampelekea Bwana Arthur Loveridge, mtunza makumbusho ya Nairobi, naye akamhakikishia kuwa baadhi yake ni vyombo kweli. Tangu siku ile kijana aliijua kazi ya maisha yake.

Mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliumia kichwa katika mchezo wa ragbi, akashauriwa kuacha masomo kwa muda. Mwaka 1924 alifuatana na Bwana William Cutler kwenda Tendaguru, karibu na Lindi, kuchimba mifupa ya wanyama wakubwa mno walioishi zamani sana. Kwa Cutler alijifunza namna ya kuutoa ardhini mfupa uliogeuka jiwe, ambao siku hizi tunauita kisukuku, bila kuuvunja. Alirudi Cambridge akamaliza masomo mwaka 1926 kwa sifa nzuri, kisha akarudi Afrika ya Mashariki akiongoza safari zake mwenyewe za uchunguzi.

Sasa nafika katika jambo lililonigusa zaidi. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Viktoria, mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, aligundua kipande cha taya la mtu. Leakey alifurahi sana. Alitangaza kuwa taya lile ni la zamani mno na kwamba limetoka kwa mzee wa kwanza wa ukoo wetu wanadamu. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakampongeza. Wakati ule alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini na moja.

Lakini Profesa Percy Boswell, mtaalamu wa miamba, hakuridhika. Alitaka kupaona mahali penyewe. Mwaka 1935 Leakey alimpeleka Kanam, na hapo ndipo aibu ilipomkuta. Vigingi vya chuma alivyopigilia kama alama vilikuwa vimekwisha kung'olewa. Hakuweza kuonyesha kwa hakika taya lilitoka wapi. Tena ilionekana kuwa picha aliyoitoa kama picha ya mahali pale ilikuwa ya mahali pengine. Boswell aliyaandika hayo yote katika jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikaanguka. Taya lilikuwa mfupa kweli, wala hakuna aliyesema kuwa limetengenezwa na mtu. Hata hivyo lilikosa thamani yake, kwa sababu udongo wake haukujulikana. Wazee walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka ile ile Uingereza ilikuwa na fuvu lake la kujivunia, lililotangazwa mwaka 1912 kuwa limechimbwa Piltdown. Fuvu hilo liliaminiwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1953 wataalamu walilipima kwa dawa na kulitazama kwa darubini, wakaona kuwa kichwa ni cha mtu lakini taya ni la sokwe wa Asia aitwaye orangutani. Meno yalikuwa yamepigwa tupa na mifupa imetiwa rangi ionekane ya kale. Kama wasomi wakubwa walidanganyika wakati mifupa yenyewe ilikuwa kabatini kwao, je, sisi tutaamuaje kwa picha ya simu?

Bwana Leakey hakukata tamaa. Pamoja na mkewe, Bibi Mary, aliendelea kuchimba Olduvai kwa miaka mingi na kwa fedha chache. Tarehe 17 Julai mwaka 1959 Leakey alikuwa amelala kambini ana mafua. Bibi Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona meno yaliyochomoza ardhini. Walikuwa wamengoja siku hiyo tangu zamani, lakini hawakuchimba kwa pupa. Walisubiri kwanza mpiga picha afike, ili kazi yote ionekane tangu mwanzo. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yalipimwa, na umri wa fuvu ukaonekana kuwa miaka milioni moja na laki saba na nusu. Safari hii hakuna aliyeuliza lilitoka wapi. Sasa fuvu hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Bwana Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba mwaka 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Basi, nilimrudia mjomba. Nilimweleza kuwa mfupa wa bandia mara nyingi huwa mwepesi, una vitundu vya hewa, au una mstari mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, lakini picha huyaficha hayo yote. Kwa hiyo tumwulize muuzaji maneno haya: taya lilichimbwa mahali gani hasa, katika tabaka gani, nani alishuhudia, limeandikwa katika daftari gani, na kibali kiko wapi? Kwa maana huko Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu vitu kama hivyo kutolewa nchini bila kibali. Kama taya ni la uongo, mnunuzi ameibiwa, na kama ni la kweli na halina kibali, basi Tanzania ndiyo iliyoibiwa.

Mjomba aliyaandika maswali yote akampelekea. Jibu lililokuja lilikuwa picha tatu nyingine za taya lile lile, na bei imepunguzwa nusu. Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi. Juma lililofuata alikwenda kununua cherehani, na kabla ya kutoa fedha aliigeuza chini juu, akadai karatasi zake zote.

Wenzangu, tukiokota jiwe la ajabu katika vilima vyetu, tusilichukue kwanza. Tuandike mahali, tupige picha, tumwite mwalimu. Kwa haya machache naweka kalamu chini.